Uso Wangu Mikononi mwa Shangazi

Tulipotoka makaburini kumzika Shangazi Verediana, tulirudi nyumbani kwake Gisozi kunawa mikono na kunywa pamoja kinywaji cha mwisho wa mazishi, desturi ambayo huku tunaiita gukaraba. Nilikuwa nimekaa sebuleni na sahani ya ndizi na maharage mapajani wakati Mama Fistoni, jirani yake wa miaka mingi, alipoanza kuwasimulia wageni wema wa marehemu. Mama Fistoni alikulia Bujumbura na Kiswahili chake hakijabadilika hata kidogo, ingawa meno yamepungua. "Huyu Donata," alisema akininyooshea kidole, "alikuja hapa uso iko kama inkeri." Inkeri ni lile tunda dogo jekundu la vipele-vipele. "Verediana alimuhangaikia! Kila siku ya Mungu alikuwa anamutengeneza ule uso na mikono yake mwenyewe. Sasa ona, mwanamuke muzuri, iko na bwana, iko na kazi." Wanawake waliitikia yooo, kwa sauti ya huruma, kisha wote wakageuka kunitazama mashavu, mmoja hata akainama kidogo ili mwanga wa dirishani usimzuie. Tonge lililokuwa mdomoni mwangu lilikataa kushuka. Nililitema kwenye kitambaa cha karatasi kama mtoto, nikaifunika sahani. Walidhani ni uchungu wa msiba. Kilikuwa kinyaa, kilekile cha nilipokuwa na miaka kumi na sita, tena kwenye sebule ileile.

Nilihamia kwa Shangazi mwanzoni mwa mwaka wa masomo kwa sababu shule yangu ilikuwa karibu na kwake. Chini ya mlima, mahali ambapo leo maseremala wanaranda mbao na harufu ya vanishi inapanda hadi jikoni, siku hizo palikuwa na bustani za mboga na vyura walioimba baada ya mvua. Nilifika nikiwa na uso wa kawaida. Baada ya muda si mrefu niliamka nikakuta foronya imeganda shavuni, nikaibandua polepole mbele ya kioo cha bafuni, na ngozi ikabaki kwenye kitambaa. Chunusi za watu wengine nilikuwa nimeziona, mbili au tatu kwenye paji la uso, zinakuja na kuondoka. Zangu zilikaa zimebanana kutoka masikioni hadi kidevuni, nyingine ngumu kama punje ya mahindi chini ya ngozi, nyingine zenye ncha ya manjano iliyopasuka nikicheka au nikipiga mwayo. Zilikuwa na harufu. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini usaha uliokauka una harufu ya maziwa yaliyomwagika kwenye zulia, nami nililala na harufu hiyo puani. Nilikuwa najichukia waziwazi, kama unavyomchukia mtu mchafu aliyekalia kiti cha pembeni yako na hahami.

Kwa Wanyarwanda, dada wa baba yako ndiye mwenye kumfundisha binti mambo ya mwili wake. Tunamwita masenge, na neno lake halipingwi. Shangazi Verediana alikulia Karagwe, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na alikuwa anasema Kiswahili safi cha Tanzania, lakini katika jambo hili alikuwa Mnyarwanda kamili. Uso wangu aliuchukua kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. Jumapili baada ya misa, wageni wakiwa wamejaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma na chai ya maziwa ikiwa imemiminwa, alikaa kwenye kiti cha dirishani penye mwanga mzuri, akajipiga paja mara mbili na kusema, "Donata, njoo tuone." Nilipiga magoti sakafuni nikalaza kichwa juu ya kitenge chake kilichonuka mafuta ya kukaangia. Kisha kucha mbili za gumba zilishuka. Alikuwa na kucha ndefu, ngumu, za manjano kidogo, na alijua kuzikutanisha. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja chawa. Alikipangusa kilichotoka kwa ncha ya kitenge, na kama kilikuwa kirefu aliwaonyesha wageni. "Jamani, tazameni hii! Kama mchele!" Wageni walikunja nyuso na kusogea karibu, vyote kwa pamoja. Halafu, kwa mkono uleule, aliokota andazi kwenye sahani, akang'ata, akaendelea kuongea juu ya padri.

Nikiwa nimelala hivyo, sikio moja limezibwa na paja lake, nilisikia mengi. Watu huongea juu ya mtu aliyefumba macho kama vile hayupo. Mmoja alisema ni karanga. Mwingine alisema ni uchafu, binti hajui kunawa. Mama Fistoni, ambaye siku hizo alikuwa mnene na mwenye sauti ya kwaya, alisema, "Hapana, huyu iko na damu ya moto. Atakapoolewa, zote zitaisha, nawaambia, hata mimi ilikuwa hivyo." Wakacheka. Mwanamume mmoja wa kanisani, mtu mwenye heshima zake, alicheka kwa muda mrefu kuliko wengine, na nikatamani sakafu inimeze. Shangazi hakucheka. Alisema kwa ukali, "Mtoto wangu hana mambo hayo," kisha akaniminya nyingine, kwa nguvu zaidi, kana kwamba ile chunusi ndiyo iliyomtukana.

Kwa kuwa sababu zilikuwa nyingi, dawa nazo zikawa nyingi. Karanga nilikatazwa, na mayai, na mafuta. Isombe yangu, yale majani ya muhogo ambayo bila karanga ni kama nyasi zilizochemshwa, niliandaliwa kwenye sufuria ya peke yake. Klarisa, binti pekee wa Shangazi, ambaye alikuwa na miaka kumi na minane na ngozi laini kama ya mtoto mchanga, alikaa mbele yangu akila mchuzi mzito wa karanga hadi kupangusa sahani. Tulinawa kwa beseni moja na sabuni moja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini uchafu ulimchagua mmoja tu. Nilisuguliwa kwa sabuni ya mche ya kufulia na dodoki asubuhi, mchana na jioni, hadi ngozi ikang'aa na kuvuja majimaji. Nilipakwa dawa ya meno, nikapakwa ndimu, nikakaa juani na ndimu hiyo ikiunguza kila kidonda. Kisha ikaja samli ya ng'ombe ya zamani, iliyotunzwa mpaka imechacha, ambayo bibi zetu walijipaka mwilini siku za harusi. Nililala nayo usoni na asubuhi nzi walinifuata njia nzima hadi shuleni. Na ilifika siku Shangazi aliponipa kikombe cha bati kabla sijaenda chooni na kusema, "Mkojo wa kwanza ndio wenye nguvu." Nilikataa kwa kulia. Akanipaka mwenyewe, kwa pamba, polepole na kwa upole mkubwa, huku akiniita mwanangu. Nilitapika kwenye sinki, akanishika nywele zisiingie kwenye matapishi. Hata leo siwezi kuutenganisha upole ule na harufu ile.

Shuleni nikaitwa Inkeri. Jina lilianza na mvulana mmoja wa safu ya nyuma na likaenea mpaka mwalimu mmoja akalitaja kwa kuteleza ulimi, darasa likalipuka. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliomba kuhamishwa, akasema haoni ubao vizuri, kisha akahamia mbali zaidi na ubao. Chupa ya maji niliyokunywea haikunywewa tena na mtu mwingine. Ninawaelewa. Mimi pia nisingeinywea.

Karibu na katikati ya mwaka Mama Fistoni alileta kopo. Lilikuwa kopo la siagi lililooshwa, na ndani mlikuwa na krimu ya rangi ya kiini cha yai yenye harufu tamu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nyuma ya utamu huo harufu kali ya duka la dawa. "Kuna mwanamuke anaichanganya sokoni," alisema. "Hii si ya kuchezea. Unapaka usiku kidogo tu, asubuhi iko sawa." Klarisa aliinusa akauliza, "Si ndiyo mukorogo huo, wa kujitoa weusi?" Mama yake akamwambia anyamaze, kwani yeye ana shida gani? Nilipaka. Katika wiki mbili uso ukasafishika. Sisemi chunusi zilipungua, uso ulisafishika, ukawa mweupe kidogo na laini, na niliugusa chini ya dawati siku nzima kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Shangazi alinitembeza kanisani safu kwa safu. Alininunulia gauni, tukapigwa picha studio, na katika picha hiyo nacheka na meno yote. Yule msichana wa dawati alirudi kukaa nami, nikampokea. Hilo nalo nikilikumbuka linanichefua, jinsi nilivyompokea haraka.

Kisha kopo likaisha, na mwanamke wa sokoni hakuonekana tena. Siku chache baadaye niliamka uso ukiwaka kama niliyekaa karibu na tanuri. Ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba, mishipa myembamba myekundu inaonekana mashavuni, vinyweleo laini vimeota kidevuni, na chunusi zikarudi zote kwa siku moja na zikaja na nyingine nyingi, mahali ambapo hazikuwahi kuwapo, kwenye kope, kwenye mdomo. Jua la asubuhi tu lilitosha kunitoa machozi. Pembeni ya pua, upande wa kulia, palitokea jipu moja gumu, la zambarau, lililopiga pamoja na moyo. Jumapili ilipofika nilimwomba Shangazi asiliguse. "Linauma hadi kwenye jino," nilimwambia. Alinivuta kwa mkono. "Vumilia. Baya ndilo la kutoa." Wageni walikuwa watano au sita. Alikutanisha kucha, ikatoka damu tu. Akajaribu tena. "Kiini hakijatoka," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. Nilifumbua macho. Nilimwona kwa karibu sana, kutoka chini: ncha ya ulimi wake imetokeza pembeni ya mdomo, pumzi amezibana, macho yamelegea kama ya mtu anayekula kitu anachokipenda. Nikaelewa kitu ambacho sikuwa na neno lake. Shangazi alikuwa anafurahia. Alinipenda, alikuwa ananihangaikia kweli, na alikuwa anafurahia. Akaminya mara ya tatu nikapiga yowe, na Mama Fistoni akasema, "Acha amalize, mutoto, acha amalize."

Asubuhi iliyofuata jicho la kulia halikufunguka. Shavu lilikuwa limevimba hadi chini ya kope, jekundu na la moto, na nilikuwa natetemeka chini ya blanketi mbili. Shangazi alikuwa jikoni akipasha samli. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, halafu nikasikia sauti ya Klarisa, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kupandisha sauti. "Mama, hapana." Shangazi akasema kitu. "Nimesema hapana! Umemtazama? Umemtazama kweli?" Klarisa aliingia chumbani, akanivalisha sweta lake, akanifunga kitenge usoni ili watu wasinione, akanipeleka barabarani tukapanda pikipiki moja wote wawili, nikiwa katikati, mikono yake imenizunguka. Kwenye kituo cha afya muuguzi alikifunua kitenge, akasema "Mana yanjye," Mungu wangu, na hakutupangisha foleni. Walitupeleka hospitali kwa gari la wagonjwa.

Nililazwa, nikatundikiwa dawa za mshipani. Uvimbe ulianza kushuka siku ya pili, na jicho likafunguka kidogo, na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni Shangazi amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke, mrefu, aliyelelewa Kampala, mwenye Kiswahili cha kubahatisha lakini kisichozunguka. Aliuliza nimepakwa nini. Shangazi akamtajia vyote, kwa mpangilio, kwa fahari ya mtu ambaye hakuacha hata kimoja. Alipofika kwenye mkojo, mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Daktari aliandika, kisha akauliza, "Na nani anaminya?"

"Mimi ni shangazi yake," alisema Shangazi.

"Sijauliza hiyo, mama. Nani anaminya?"

Shangazi aliificha mikono chini ya kitenge. Daktari alivuta kiti akakaa akinielekea mimi, si yeye, akaniongelesha kama mtu mzima. Alisema umri huu mwili unatengeneza mafuta mengi chini ya ngozi, na vinyweleo vinaziba, na vijidudu vinavyoishi kwa kila mtu vinazaliana humo, basi ndiyo chunusi. Wengine wanapata, wengine hawapati, mara nyingi ni damu ya ukoo. "Si karanga. Si uchafu. Si mambo ya wavulana. Nani alikwambia mambo ya wavulana?" Alisema kusugua kunaichubua ngozi na kuifanya iwe mbaya zaidi, na kuminya kunasukuma usaha uingie ndani badala ya kutoka, na hapo pembeni ya pua mishipa ya damu inaelekea juu kichwani. Ile krimu ya kopo ilikuwa na dawa kali ambayo haipakwi usoni bila daktari. Ilizima moto kwa muda, ikaiacha ngozi bila ulinzi. Akamgeukia Shangazi. "Mngechelewa, angepoteza jicho. Ama mngempoteza yeye." Kisha akanipa masharti ambayo yalinikatisha tamaa kwa udogo wake: sabuni laini mara mbili kwa siku, kwa vidole, bila dodoki, foronya safi, jeli nyembamba ya kupaka jioni, na krimu isiyo na mafuta, ya kujikinga na jua. Kutoshika. Na kusubiri, miezi, si siku. "Itachukua muda na utachoka," alisema. "Ukichoka, rudi hapa. Usiende sokoni."

Tuliporudi nyumbani Shangazi aliwaambia wageni kwamba daktari mwenyewe ni mtoto, hajazaa, anajua nini. Jumapili ya kwanza baada ya hospitali alikaa kwenye kiti cha dirishani. Chai ilikuwa imemiminwa. Nilimwona anajitengeneza kitenge magotini, nikajua kinachokuja. Akajipiga paja. "Donata, njoo tuone."

"Hapana, Shangazi."

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Sitaki kuguswa."

"Mimi ni masenge wako."

"Ndiyo, Shangazi. Na uso ni wangu."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Mkono wake ulibaki hewani. Nilidhani atanipiga, na nadhani hata wageni walidhani hivyo. Badala yake alijipangusa vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja, ingawa havikuwa na kitu, akainuka akaenda jikoni. Hakuongea nami hadi majani ya mahindi Gahanga, kwenye shamba lake, yalipokauka. Aliniwekea chakula mezani bila kuniita. Lakini siku moja nilikuta kwenye isombe yangu kuna karanga.

Uso ulipona kwa mwendo wa konokono. Kuna wiki nilizoona jeli haifanyi kitu na nikakaribia kwenda sokoni kumtafuta yule mwanamke. Klarisa alikuwa ananishika mikono nikiipeleka kidevuni, ananipiga kofi la vidole tu. Mwishoni mwa mwaka nilikuwa nimebaki na madoa meusi na kovu pembeni ya pua, dogo, lililobonyea, ambalo vipodozi haviliwezi. Shangazi hakuwahi kuniomba radhi. Siku ya harusi yangu alimwambia msichana aliyekuwa ananipamba, "Huyo nilimtoa mbali." Nilimwacha aseme. Usaha niliusahau, na jina la Inkeri nalo linanichekesha siku hizi. Uso wake uliofurahi ndio sikuusahau, ule nilioutazama kutoka chini siku ya jipu.

Haya yote yalinipita kichwani Jumamosi ile ya mazishi, na sahani iliyofunikwa mapajani. Ndipo binti yangu Ineza, mwenye miaka kumi na minne, akaingia kutoka uani kubeba glasi. Mama Fistoni, ambaye sasa haoni vizuri, alimdaka mkono akamvuta karibu na dirisha. "Kuja hapa, mutoto, nikuone. Eh! Hata wewe! Tazama hii ya kidevu, imeiva kabisa, kuja nikutolee." Na kidole chake kilichokunjamana kikaenda moja kwa moja usoni. Sikumbuki kuinuka. Nilikuwa tayari nimesimama katikati yao na nimemshika bibi wa watu kifundo cha mkono, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Mwache, mama," nilisema. "Mwache mtoto."

"Nilitaka kumusaidia tu."

"Najua. Mwache."

Nilimtoa Ineza hadi kwenye korido. Alikuwa anakaribia kulia, mkono umefunika kidevu. "Mama, inaonekana sana?"

Nilitaka kumwambia haionekani, kama ambavyo mama yeyote angesema. "Inaonekana," nilimwambia. "Kesho kutwa tutakwenda kwa daktari pamoja. Na kabla ya hapo hakuna mtu atakayeigusa. Wala bibi, wala wewe. Wala mimi."

"Wewe? Wewe kwa nini?" aliuliza, akashangaa.

Mikono niliiweka nyuma ya mgongo, kwa sababu ile ncha nyeupe nilikuwa nimeiona tangu asubuhi kanisani, misa nzima sikusikia neno moja la padri, na vidole gumba vyangu vyote viwili vilikuwa vinaniwasha.